Tangawisi ya Mama Marthe na ladha asiyoisikia

Saa kumi na moja alfajiri, jua la Novemba limeanza kuchungulia juu ya kilima cha Observatory. Katika jiko la pamoja la nyumba moja kuukuu ya Yeoville, Johannesburg, Marthe Riziki anakoroga ndoo ya tangawizi kwa mwiko mrefu. Haonji. Anachota kidogo kwa kikombe, anampa mwenzake, kisha anasimama mbele yake na kumkazia macho usoni.

Mwenzake ni Shufaa Mselem, mzaliwa wa Tanga, muuza ukwaju katika soko la Yeoville. Shufaa anavuta funda moja, anameza, anatafakari macho yakiwa yamefumbwa.

"Bado inauma, dada. Tia sukari."

"Ile yote haitoshi?"

"Haitoshi, wallahi. Na hiliki kidogo, ichangamke."

Marthe anatia sukari, kisha hiliki. Mama yake hakuwahi kutia hiliki kwenye tangawizi, wala bibi yake, wala mwanamke yeyote anayemkumbuka kule Uvira, mashariki mwa Kongo, alikozaliwa miaka hamsini na mmoja iliyopita. Anaitia hata hivyo, kwa sababu ulimi unaofanya kazi asubuhi hii si wake.

Marthe hasikii harufu. Hasikii ya tangawizi anayoimenya, ya ndimu anazozikamua, wala ya chungu kinachoungua nyuma yake. Na asiyenusa, ladha nayo humkimbia. Ulimini mwake mmebaki utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule moto unaochoma koo. Mengine yote yamekwenda zake.

"Pua yangu ilishakufa," anasema, akicheka kicheko kisicho na furaha. "Imebakia ya kubebea miwani tu."

Kwa mwanamke mwingine huenda lingekuwa jambo la kusikitikia na kuzoea. Kwa Marthe ni kazi yake, jina lake na mahali pake katika mtaa huu. Kinywaji chake, ambacho Wakongomani hukiita tangawisi, ndicho kilichomlisha tangu mwaka 2003, alipofika Johannesburg na mtoto mgongoni. Leo kinabadilika mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe hawezi kujua kimefika wapi.

Yeoville si mtaa wa kuwauzia watu wote kinywaji kimoja. Mkongomani anataka tangawizi imchome. Asipokohoa anahisi ameibiwa. Mtanzania anataka utamu utangulie na moto ufuate kwa adabu. Mrundi ukimpa maracuja, yaani maji ya pasheni, hakuulizi una nini kingine. Mkenya, kabla hajataja bei, atataka kujua kama kuna soda ambayo haikukaa kwenye friji, maana ya baridi, asema, itamvunja kifua.

Wenyeji wa Afrika Kusini nao wana tangawizi yao, inayolazwa na nanasi na zabibu kavu mpaka itoe povu, ambayo haikosi kwenye harusi wala kwenye msiba. Siku za kawaida watakuomba krimu soda ya kijani, ambayo mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani ni sabuni ya kuoshea vyombo.

Marthe aliwajua wote. Kila taifa lilikuwa na ndoo yake, na kila ndoo aliionja mwenyewe.

"Mutu anaweza kubadilisha nguo, anaweza kubadilisha luga, hata jina," anasema. "Lakini kinywaji, kila mutu anakunywaka cha kwao."

Sifa za ulimi wake zilitembea hadi kwa wenye maduka ya jumla. Soda mpya ikiingia mjini walimletea aionje kabla hawajaagiza. Akisema itauzika, iliuzika. Akikunja uso, waliiacha iwaozee wengine.

Mambo yaligeuka Aprili 2015, siku zile za vurugu dhidi ya wageni. Marthe alikuwa anarudi kutoka kununua tangawizi. Teksi aliyopanda ilisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, dereva akaona kundi la watu mbele, akawaambia abiria washuke wajiokoe. Marthe hakukimbia upesi. Alikuwa na gunia.

"Sikuona mwenye alitupa," anasema. "Niliona tangawizi yangu inatawanyika kwa lami, nikawaza, nani ataokota? Kumbe tofali ilikuwa imeshanipiga ku kichwa."

Hospitalini walimshona, wakampa vidonge vya maumivu, wakamruhusu. Hakuna aliyemuuliza habari za pua, na yeye hakujua kama kuna la kuuliza.

Wiki chache baadaye binti yake, Victoire, alirudi kutoka shule akakuta chumba kimejaa harufu ya mchele ulioungua. Mama yake alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye jiko, anachambua dagaa, ametulia kabisa. Victoire akapiga kelele. Marthe akainuka, akazima moto, halafu akachukua kipande cha tangawizi, akakivunja na kukiweka puani.

"Hakuna kitu. Nikavunja ingine. Nikavunja, nikavunja, mpaka mikono ikakuwa manjano. Hakuna."

Daktari wa zahanati aliyemwona mwaka uliofuata alimweleza kwamba nyuzi ndogo zinazopeleka harufu kwenye ubongo hukatika mtu akipigwa vile. Wengine hupona katika mwaka mmoja au miwili. Wengine hawaponi.

"Akaniambia, mama, uko muzima, shukuru Mungu. Nikashukuru. Lakini ile saa nilikuwa na chungu ku moto."

Akaamua kuficha. Alimwambia Victoire peke yake, na Victoire hakuwa msaada mkubwa. Alifika mji huu akiwa mchanga, akakua na krimu soda, na kila alichoonjeshwa alikirudisha huku anapepea mdomo kwa mkono: "Eish, mama, inachoma!" Hata cha Watanzania kilimchoma.

Marthe akabuni ujanja wake. Kila asubuhi mteja wa kwanza wa kila taifa alipewa kikombe bure. Watu wakamsifu kwa ukarimu. Mchungaji wa kanisa lake alimtolea mfano katika mahubiri. Kumbe mwenzao alikuwa kipofu anayepapasa ukuta. Wakinywa, yeye anawasoma uso. Mkongomani akifumba jicho moja na kutoa pumzi, imefika. Mtanzania akitikisa kichwa kabla hajameza, sukari imekubali. Akinyamaza yeyote, Marthe anarudi kwenye ndoo.

Alifanya hivyo kwa miaka mitatu, na hakuna aliyeshtuka. La kuvunda halina ubani, lakini hili lilichukua muda wake kuvunda.

Aprili 2018 serikali ya Afrika Kusini ilianza kutoza kodi ya sukari kwenye soda. Bei zikapanda, na wenye maduka wakaanza kutafuta chochote cha bei nafuu. Mmoja wao alikuwa Lambert, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye ghala dogo karibu na Joubert Park. Dalali mmoja alimtajia mzigo wa makopo kutoka Marekani, soda ya kahawia iitwayo root beer, kwa bei ya kutupa.

Soda hiyo Wamarekani huinywa tangu utotoni; wengine huiwekea aiskrimu juu yake na kuila kwa kijiko. Ina harufu ya mmea fulani wa kwao, tamu na kali kwa pamoja. Tatizo ni kwamba huku kwetu watu wengi wanaijua harufu hiyo kutoka mahali pamoja tu, nayo ni chupa ya dawa ya kuchua misuli.

Lambert hakuionja. Ana ugonjwa wa sukari. Alichukua kopo moja la mfano akalipeleka sokoni Yeoville, Jumamosi, wakati meza zote zina watu na samaki wanakaangwa kila upande.

"Maman Marthe, onja hii. Wewe ukisema ndiyo, ninachukua yote."

Wauzaji wakasogea. Shufaa alikuwapo. Duni, muuza chaja za simu kutoka Dar es Salaam, alisoma maandishi ya kopo akarudi nyuma. "Hapa pameandikwa bia," alisema. "Mimi simo." Wakamcheka.

Marthe alishika kopo lile. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuwa wa kwanza kunywa. Hapakuwa na uso wa kuusoma. Nyuso zote zilikuwa zinausoma wake. Angeweza kusema ana mafua. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Anasema aliyafikiria hayo yote baadaye, kitandani.

Akafungua, akanywa. Alisikia sukari, alisikia gesi. Akanywa mpaka mwisho, ili asionekane anasita.

"Ni tamu," akasema. "Gesi yake haina makali. Hii itaenda."

Lambert akanunua mzigo mzima. Shufaa akachukua trei kumi kwa kuliamini neno la mwenzake, na wauzaji wengine kadhaa wakafuata. Duni peke yake ndiye aliyesalimika, kwa uchaji wa Mungu.

Haikupita wiki. Dereva wa teksi alilitema funda la kwanza karibu na viatu vyake, akauliza kwa Kizulu kama hii ni ya kunywa au ya kupaka magotini. Kijana mmoja wa Bukavu alimrudia Shufaa na kopo mkononi: "Mama, unaniuzishia dawa ya bachezaji wa mupira?" Watoto waliikataa, wazee waliikataa. Makopo yakarudi mezani, yakapigwa na jua, na mwisho yakaenda jalalani.

Soko likaanza kunong'ona. Ulimi wa Marthe haukosei, watu walisema, kwa hiyo amedanganya makusudi. Lambert amemlipa. Lambert aliapa mbele ya watu kwamba hakumpa kitu, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba alimpa.

Shufaa alikwenda chumbani kwa Marthe akiwa na kopo lililofunguliwa na hasira isiyokaa kifuani.

"Nilikwenda kumtukana," Shufaa anakumbuka. "Nikamwekea kopo puani, nikamuuliza, jamani, hii inanuka nini? Akaniambia, inanuka soda. Hakuwa anatania. Nilimtazama, hakuwa anatania."

Shufaa akaweka kopo chini. Akamfumba Marthe macho kwa kiganja, akaokota dagaa wakavu waliokuwa kwenye ungo na kumsogezea karibu kabisa na pua. Akamuuliza ni nini.

"Ni kitambaa," Marthe akajibu.

Wanawake hao wawili wanasimulia kisa hiki kila mmoja kwa namna yake, ila hapo kwenye kitambaa hawapishani.

"Hasira zote zilinitoka," anasema Shufaa. "Nikafikiri, huyu mtu miaka mitatu anapika gizani, na mimi niko meza ya pili sijui."

Marthe alimwomba jambo moja, asimwambie mtu. Shufaa akashangaa. Watu wanakuita mla rushwa, akamwambia, si bora wajue ukweli wakuonee huruma? Marthe alikuwa ameshalipima hilo.

"Mula rushwa bado anapika," alimjibu. "Lakini mwenye hana pua, nani atakunywa ya chungu chake?"

Kwa hiyo alikaa kimya, na kimya chake kilimchafua mtu ambaye hakuwa na kosa. Lambert alipoteza wateja wengi wa Yeoville. Siku hizi akikutana na Marthe njiani huvuka barabara. Marthe anapolitaja jina lake husimama kwanza, hunywa maji, halafu ndipo huendelea.

Tangu hapo wawili hao wanapika pamoja. Shufaa anaonja, Marthe anakoroga, na mapato wanagawana. Zamani Marthe alimaliza ndoo nne kwa siku, kikombe rand tano. Sasa mbili zikiisha ni siku njema.

Lakini ulimi nao una kwao. Shufaa ni wa Tanga. Kila asubuhi anaona tangawizi ni kali mno, na kila asubuhi sukari inazidi punje chache. Ikaingia hiliki. Ndimu ikapungua. Watanzania wanaongezeka mezani na Wakongomani wanapungua, wala hakuna ugomvi wowote, wanapita tu na kusalimia. Mwezi wa Ramadhani mwaka huu Shufaa alikataa kuonja mchana hata kwa ncha ya ulimi, na Marthe alipika mwezi mzima kwa kukisia.

Amejaribu kuomba msaada nyumbani. Dada yake, Hélène, bado anauza tangawisi ileile pale Uvira. Marthe alimpigia simu amtajie vipimo: tangawizi kiasi gani, pilipili manga kiasi gani, karafuu ngapi. Hélène alicheka, akidhani anataniwa.

"Akaniambia, weye Marthe, kwetu hatupimaka! Unatia mpaka pua inakubali." Marthe anakunja kanga yake magotini. "Nikamuuliza habari za batoto."

Kwenda mwenyewe hawezi. Karatasi yake ni ya mkimbizi, na mkimbizi akionekana amerudi alikokimbia, karatasi hiyo inaweza kufutwa. Hélène naye hana njia ya kufika, na baada ya vurugu nyingine dhidi ya wageni za Septemba mwaka huu, hata nia hana.

Lililomvunja Marthe lilitokea Oktoba. Alifariki mzee Elisée, fundi cherehani, mtu wa Uvira aliyewashonea nguo za harusi nusu ya Wakongomani wa mtaa huu. Kwa desturi ya watu wa Uvira hapa Johannesburg, siku ya kuondoa matanga hunywewa tangawisi, na kwa miaka yote mpikaji ni Marthe. Hata baada ya ile aibu ya makopo hawakumnyang'anya kazi hiyo, maana hakuna mwingine aliyejua kuipika.

Alipika ndoo tano. Shufaa alionja zote, akaapa kwamba hajawahi kuonja nzuri kama hizo, na hakuwa anadanganya.

Watu walikaa kwenye viti vya plastiki uani kwa marehemu. Vikombe vikapita. Marthe alisimama mlangoni, akaangalia. Waliinua, wakanywa funda moja, wakaangaliana, kisha kila mmoja kwa heshima akaweka kikombe chini ya kiti chake, kikiwa karibu kujaa. Hakuna aliyefumba jicho. Hakuna aliyekohoa.

Mjane, Murielle, ndiye aliyemfuata.

"Ma Marthe, hii ulipika weye?"

"Ni miye."

Murielle akamshika mkono. "Aksanti, mama. Aksanti sana."

"Ile aksanti," anasema Marthe, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta, "ilikuwa mubaya kuliko tofali. Mzee Elisée alienda bila kuagwa. Tulimumiminia kinywaji cha batu bengine."

Usiku ule alimwaga ndoo tatu na nusu kwenye mtaro. Victoire alimsaidia kubeba. Shufaa alikaa ngazini akilia, anasema, kwa sababu yeye ndiye aliyeionja na kuipenda.

Jumapili iliyofuata, mwandishi wa simulizi hii alikuwa sokoni akiandika habari za bei ya sukari. Marthe alimwita kando akamwambia ana habari kubwa kuliko ya sukari. Mwandishi alimkumbusha zaidi ya mara moja kwamba ikishachapishwa, kila mtu wa Uvira mjini hapa ataisoma au atasomewa, na huenda hata hao wateja wachache waliobaki wakaondoka.

"Andika," alisema. "Andika jina langu lote. Na ya Lambert andika mbele: hakunipatia hata senti moja. Miye nilimuacha atukanwe juu ya pua yangu."

Tayari amekwenda Joubert Park kumwambia Lambert kabla ya gazeti kumwambia. Lambert alimsikiliza akiwa amesimama, hakumkaribisha kiti. Alipomaliza, akamwuliza swali moja tu: kwa nini hakusema ana mafua siku ile? Marthe alirudi nyumbani, na siku hiyo hakupika.

Mpango wake ni huu. Jumapili ya kwanza ya Desemba, ibada itakapotoka, ataweka ndoo mbele ya lango la kanisa. Haitakuwa na hiliki. Haitakuwa imeonjwa na Shufaa wala na mtu yeyote. Atawaambia watu wa kwao, kwa sauti, kwamba hanusi tangu mwaka 2015, na atawaomba wanaoikumbuka tangawisi ya Uvira waje waonje, wamwambie kilichozidi na kilichokosekana. Victoire atakaa karibu, aonje pamoja nao hata ikimchoma, ajifunze.

Shufaa ana hofu. Anasema watu wanaweza kucheka, au wakapita tu na kusalimia kama wanavyopita mezani. Wengi walitoka Uvira wakiwa wadogo, na waliokuja wakubwa wanakufa mmoja mmoja.

Marthe analijua hilo. Anainamisha kichwa, anasugua kwa kidole kovu lililo juu ya sikio lake.

"Basipokuja, nitauzisha soda za chupa kama benzangu. Zile hazitaki pua," anasema. Kisha anainua uso. "Lakini hata akikuja mumoja tu mwenye anakumbuka, nitamupa kiti, nitakoroga, nitamuonjesha, nitakoroga tena, hata mpaka jioni. Sitachoka. Aniambie tu, mama, hii ndiyo ya kwetu."